Ngano: Kungoja dalili ndiko kunakomponza mkulima

Mkulima wa ngano wa Narok au Uasin Gishu hukabiliwa na uamuzi mgumu shamba lake linapochanua. Masuke ni ya kijani na hakuna ishara yoyote ya maradhi. Kununua dawa wakati huo huonekana kuwa ubadhirifu. Hata hivyo, huo ndio wakati ambapo hasara huanza.

Ngano inapochanua, vifuko vya chavua hujitokeza nje ya suke. Mvua na joto vikiandamana siku hizo, kuvu aina ya Fusarium hupata mlango wa kuingilia. Siku kadhaa baadaye, sehemu ya suke hugeuka nyeupe ilhali nyingine ingali kijani, nazo punje husinyaa. Dawa ikinyunyizwa wakati huo haifui dafu. Muda wa kulikinga suke ni siku chache tu tangu maua ya kwanza yaonekane.

Hata uteuzi wa dawa una hatari zake. Zile za kundi la triazoli, kama vile tebukonazoli, hupunguza maradhi haya ingawa haziyamalizi. Za kundi la strobilurini husaidia dhidi ya kutu ya majani, lakini zikitumiwa masuke yanapochomoza zinaweza kuongeza sumukuvu katika punje.

Sumukuvu hiyo, deoksinivalenoli, husababisha kichefuchefu na kutapika. Wakenya hawahitaji kukumbushwa madhara ya nafaka yenye sumu: mwaka 2004, aflatoksini katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa nchi.

Aidha, kuvu hii huishi katika mabua ya mahindi. Mkulima anayepanda ngano palipovunwa mahindi bila kuyafukia mabaki huwa ameutayarishia ugonjwa makao. Kupokezanisha ngano na mimea isiyo ya jamii ya nafaka ni kinga isiyohitaji bomba la dawa.

Tangu mwaka 2013, huduma za kilimo nyanjani zimekuwa chini ya serikali za kaunti. Hapana shaka kwamba ushauri wa afisa unaotolewa wakati masuke yamekwisha kuwa meupe haumfaidi mkulima. Kaunti zinazolima ngano hazina budi kuoanisha utabiri wa mvua na majira ya kuchanua, na kumfikishia mkulima onyo mapema. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa chelewa chelewa utapata mwana si wako.