Muacheni Namath, Tazameni Picha

Nimechoka na watu wanaotafuta picha za zamani ili wazicheke tu, halafu wanatuandikia kicheko chao kana kwamba ni uhakiki. Safari hii wameiangukia C.C. and Company ya mwaka 1970, picha ya genge la pikipiki ambayo stelingi wake ni Joe Namath. Nimeitazama mara mbili na nimesoma maoni ya watazamaji mpaka macho yakauma. Kwa kweli, wengi wamemhukumu mtu asiyehusika na kumwachia mwenye kosa aende zake.

Kwa asiyemfahamu, Namath hakuwa mwigizaji. Alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira uliochongoka, katika timu ya New York Jets. Januari 1969 aliahidi hadharani kwamba timu yake, ambayo karibu kila mtu aliona itachapwa, ingeshinda fainali ya Super Bowl dhidi ya Baltimore Colts. Wakashinda 16 kwa 7. Alikuwa kijana, ana sura, ana mdomo, na magazeti yalimpenda. Hollywood ikabisha hodi. Akapandishwa pikipiki na kuitwa C.C. Ryder. Ann-Margret akawa mpenzi wake, na William Smith, pandikizi la mtu, akawa Moon, mkuu wa genge. Ndiyo hivyo, picha ikatoka.

Sasa sikiliza wanavyoisema. Fungu la kwanza linasema Namath ni gogo, arudi uwanjani. La pili linasema picha ni mbaya mpaka imekuwa nzuri, kwa hiyo waite wenzako, nunueni vinywaji, mcheke. La tatu, la wenye busara zao, linasema zama zile ndivyo zilivyokuwa, tusiihukumu kwa macho ya leo. Mafungu yote matatu, kwa maoni yangu, ni njia tofauti za kukwepa kuitazama.

Tuanze na hilo la gogo. Hebu tazama mwanzo wa picha. C.C. anaingia supamaketi na kutembea kati ya rafu kama mtu aliye jikoni kwake. Anafungua mkate, anapanga nyama, anajitengenezea sandwichi palepale, anaila, anajifuta mdomo, halafu anakwenda kwa keshia kulipia bigijii tu. Karibu hasemi kitu. Mwili wake umetulia, mikono inajua inachofanya, na uso una ule utani wa mtu aliyezoea kutazamwa na maelfu. Huwezi kumfundisha mtu hivyo kwa wiki mbili. Tatizo linaanza anapopewa maneno ya kusema, na maneno yenyewe, jamani, ni mabovu. Mpe mwigizaji mwenye tuzo zake mistari ile, naye atakuwa gogo. Eti mwanamichezo hawezi kuigiza? Jim Brown aliacha mpira mwaka 1966 akiwa bado tishio, na ukimtazama ndani ya The Dirty Dozen huwezi kuondoa macho kwake. Mwanamichezo anajua kusimama mbele ya watu. Kinachobaki ni kazi ya mwandishi na mwongozaji.

Tuje kwa wanaocheka. Mapema katika picha, Ann, anayefanya kazi ya mitindo ya mavazi, ameharibikiwa na gari jangwani. C.C. na wenzake wawili wa genge wanamkuta. Wale wawili wanataka kumbaka. C.C. anawazuia kwa ngumi. Muda si mrefu tunahamia kwenye mashindano ya pikipiki za njia ya vumbi. Jua linawaka, muziki unapigwa, macho ya C.C. na Ann yanakutana, mapenzi yanaanza. Lile la jangwani? Limeshapita. Ann haruhusiwi hata kutetemeka. Halikuwa tukio la maisha yake, lilikuwa namna ya kutuonyesha kwamba C.C. ni mtu mwema. Baadaye genge linamteka, na Ann anageuka kuwa kitu cha kushindaniwa na wanaume wawili juu ya pikipiki. Mtu aliyekuwa na kazi, akili na ulimi mkali anamaliza picha akisubiri kujua nani kashinda.

Soma maoni ya wacheshi wetu uone wanavyoliruka jambo hilo. Wanahesabu nywele za Namath, suruali zake, mistari yake mibovu. Tukio la jangwani wanalipa nusu sentensi, au hawalipi kabisa, kwa sababu linaharibu sherehe. Hapo ndipo ninapokasirika. Ukisema picha ni mbaya mpaka imekuwa nzuri, umejipa ruhusa ya kutojibu swali lolote. Ubaya wote unakuwa kachumbari ya mlo wako, jaribio la ubakaji likiwemo.

Wale wa zama zile nao nina jibu lao. Ingekuwa watu wa 1970 hawakujua kwamba kubaka ni uovu, mngekuwa na hoja. Lakini picha yenyewe inajua! Ndiyo maana stelingi anapiga ngumi. Mwandishi alijua ni jambo la kumfanya mtu wa genge awageuke wenzake. Kisha akalitupa alipokwisha kulitumia. Hilo halikuletwa na zama. Ni uvivu wa kisa, na uvivu wa kisa unahukumiwa wakati wowote. Na mwandishi huyo alikuwa nani? Roger Smith, mume wa Ann-Margret, ambaye pia alikuwa mmoja wa watayarishaji. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Nasema alikuwa na mwigizaji wa kweli nyumbani kwake, na akamwandikia nafasi ya kuokolewa.

Kuna jambo la pili linalopotea katika kicheko. Picha hii inatuuzia mwasi, mtu asiyepangiwa na yeyote. Mwaka 1969, kabla ya picha kutoka, Namath alikuwa na hisa katika baa moja ya New York. Ligi ikamtaka aziuze, kwa madai kwamba wacheza kamari walikuwa wakifika pale. Juni akatangaza kustaafu huku machozi yakimtoka. Mwezi uliofuata akauza, akarudi uwanjani. Jim Brown yeye, mwenye timu alipomtishia faini kwa kuchelewa kambini kwa ajili ya picha, aliaga mpira moja kwa moja. Simlaumu Namath, kila mtu na hesabu zake. Lakini kisa cha kijana anayependwa na taifa zima na bado bosi wake anamwambia uza, naye anauza, kingekuwa picha. Badala yake tukapewa mwasi aliyepigwa pasi. Easy Rider ya 1969, kwa makosa yake yote, iliwaua mashujaa wake barabarani. Huku kwa C.C. tumerudi kwenye ile sheria ya vibanda vya video: stelingi hafi, na mrembo ni wake.

Ninyi wasomaji wa vitabu msikae pembeni mkidhani haya ni ya wapenda picha tu. Riwaya pendwa zetu zimetendewa hivyohivyo. Mtu anamshika Willy Gamba wa Musiba au Joram Kiango wa Mtobwa, anacheka bastola na warembo, anafunga kitabu. Wanawake wa mle ndani wameandikwaje, nani anakufa ili mpelelezi aonekane hodari, hilo haulizwi, kwa kuwa eti ni burudani. Burudani ndiyo inayosomwa na wengi. Ndiyo inayotakiwa kuulizwa maswali magumu.

Kwa hiyo ukiitazama C.C. and Company, cheka panapochekesha, na pale supamaketi mpe Namath haki yake. Ila ukikaa kuandika maoni yako, anza na Ann pale jangwani. Sema ulichoona, sema picha ilimfanyia nini baada ya hapo. Ukishamaliza, tuambie na habari za nywele za Namath.