Yai Halijui Linapikwa na Nini



Siku hizi kwenye kikundi chetu maneno ni mengi juu ya eya fraya, yaani kile kikaangio cha hewa ya moto. Watu wanaweka mayai mabichi ndani, wanafunga, wanasubiri, halafu wanatoa mayai magumu kabisa bila kutumia maji hata tone. Wengine wetu wanacheka: yai la kuchemsha ambalo halijachemshwa, hiyo ni nini sasa? Wengine wanatamani, wanasema siku tukipata umeme wa maana tutanunua moja tuweke kwenye biashara ya mayai.

Sisi tunaoandika hapa hatucheki na hatununui. Tunasema kwamba ndani ya mashine hiyo kuna somo ambalo linaweza kutusaidia leo hii, hata kama nyumbani hakuna soketi. Na kuna swali ambalo lazima tuwaulize wenye soketi. Tuanze na somo, swali litakuja.

Kwanza tujue mashine yenyewe. Kampuni ya Philips iliionyesha kwa watu mwaka 2010 kwenye maonyesho ya Berlin, Ujerumani, na wazo lilitoka kwa Mholanzi anayeitwa Fred van der Weij. Watu wanaiita kikaangio, lakini kwa kweli ni oveni ndogo. Juu kuna waya unaopata moto kama ule wa hita, juu yake kuna feni, na chini kuna kikapu. Feni inasukuma hewa ya moto izunguke chakula pande zote. Ukitaka mayai unaweka joto nyuzi 130 hadi 150, unasubiri dakika kama 12 hadi 16, kisha unayatia kwenye maji baridi. Inafanya kazi kweli, si uongo wa mtandao. Mara nyingine ganda linapasuka au linatoka madoa ya kahawia, lakini ndani yai limeiva.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi wanaruka. Mashine ya kawaida inavuta kama wati 1400. Taa ndogo ya sola ambayo wengi wetu tunaijua inakula kama wati 5. Kwa hiyo mashine moja ikiwaka inakula sawa na taa 280 kwa wakati mmoja. Kambini hiyo ni mitaa mingapi? Wale wa mjini nao wanajua: tangu mwishoni mwa 2019 umeme wa JEDCO ulirudi Juba, unalipia kwanza ndipo unawasha, na kuna nyumba nyingi ambazo nyaya zinapita juu yao tu zikielekea kwa wengine.

Tuendelee. Mashine hiyo ikivuta wati 1400 kwa robo saa bila kupumzika, inakula karibu theluthi moja ya uniti. Kweli inajizima na kujiwasha ikishapata joto, basi tuseme ni robo ya uniti au chini yake. Haya, chukua lita moja ya maji na mayai sita, uyapashe mpaka yachemke kwenye birika la umeme. Hapo unatumia kama uniti 0.12 tu. Yaani maji yameshinda! Sababu ni kwamba hewa inabeba joto kidogo sana ukilinganisha na maji. Ingiza mkono kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa sekunde moja, utautoa salama. Kwenye maji ya nyuzi 100 hutajaribu. Yai nalo ni hivyo hivyo. Ndani ya maji linapata joto haraka, ndani ya hewa linalipata polepole.

Kwa hiyo kama mashine hii haishindi maji, tunajifunza nini kwake? Tunajifunza kufunga. Mashine inaweza kupika kwa hewa, ambayo ni dhaifu, kwa sababu ni ndogo na imefungwa. Joto linazuiwa ndani lizunguke chakula. Angalia sasa moto wetu wa mafiga matatu: upepo unapita chini, moshi unapanda, sufuria haina mfuniko, na joto kubwa linaishia angani. Chini ya robo yake ndiyo inafika kwenye sufuria. Jiko la makaa, ile kanun ya hapa Juba, ni afadhali kidogo, lakini nalo tunaliacha linawaka mpaka makaa yawe majivu hata chakula kikiwa kimeshaiva.

Jambo la pili ni kwamba yai halihitaji maji yanayorukaruka. Ute mweupe unaanza kuganda kwenye nyuzi kama 62, na kiini kinakaza karibu nyuzi 70. Hapa Juba, kwa kuwa tuko juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 98. Yakishafika hapo hayapandi tena. Unaweza kuongeza makaa, unaweza kupuliza mpaka macho yatoke machozi, maji yatabaki nyuzi 98, ila yatageuka mvuke haraka zaidi. Yai halijui kama limepikwa na makaa, na umeme wa jenereta au na mashine ya Mholanzi. Linajua joto tu, na muda.

Basi fanya hivi. Panga mayai kwenye sufuria, yasipandane sana. Tia maji baridi mpaka yafunike mayai kwa urefu wa kidole kimoja kilicholala, usijaze kama unaoga. Funika. Weka kwenye moto. Maji yakianza kuchemka sawasawa, ondoa sufuria motoni bila kufunua, iweke juu ya kipande cha mbao au gunia, na uizungushie blanketi kuukuu au nguo nzito. Subiri dakika 15. Halafu fungua, mwaga, tia maji baridi. Ukiona kiini bado ni laini, siku nyingine ongeza dakika tatu. Mayai yakiwa machache na maji kidogo, yanapoa haraka, kwa hiyo usiache kuyafunga na nguo. Wenzetu wa Kenya wana kitu wanakiita jiko kapu: kikapu chenye mito ndani, sufuria inaingia ikiwa moto na maharage yanamalizikia humo. Ni akili ile ile.

Na wakati mayai yanajiivia ndani ya blanketi, moto umebaki wazi. Weka chai. Weka maharage. Dakika 15 za makaa kila siku si kitu kidogo kwa mtu anayenunua makaa kwa kopo.

Mtu atasema, jamani, mmeandika maneno yote haya kwa ajili ya yai? Ndiyo, kwa sababu yai kwetu si kitu cha mchezo. Mwaka 2021 WFP ilipunguza posho hadi nusu kwa wakimbizi na watu waliohama makwao hapa Sudan Kusini, na tangu wakati huo kila mtu anajua kibaba kinasemaje. Kwenye posho kuna nafaka, maharage, mafuta. Yai halimo. Ukitaka yai ununue, na mengi yanakuja kwa lori kutoka Uganda, yanapita Nimule, kilomita karibu 190 za lami mpaka Juba. Barabara ikiwa na matatizo, bei inapanda. Lakini yai moja lina kama gramu 6 za protini, halihitaji kusagwa, halihitaji mafuta, mtoto analila akiwa anatembea. Pia ni kazi. Kuna vijana wenzetu wanazunguka Konyo Konyo na Customs na trei kichwani, mayai, chumvi na pilipili. Faida ya trei moja ni ndogo, na kitu kinachoila faida hiyo kimya kimya ni makaa.

Halafu kuna wale wanaotafuta kuni. Sote tunajua ni nani wanatumwa: ni mama zetu na dada zetu. Kambi ya Gorom, nje kidogo ya Juba, ilikuwa na ndugu zetu wa Ethiopia kwa miaka mingi. Tangu vita vya Sudan vianze tarehe 15 Aprili 2023 wamefika wengine wengi kutoka huko. Watu wakiongezeka na miti haiongezeki, safari ya kuni inakuwa ndefu, na safari ndefu msituni ni hatari kwa msichana. Hatusemi mfuniko wa sufuria utamaliza hatari hiyo. Tunasema kila kuni isiyochomwa bure ni hatua ambazo mtu hakutembea.

Kitu kingine kwa wauzaji: Juba ina joto kali, na yai lililopikwa linaharibika hata likiwa na ganda. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na joto letu la Machi silo la kawaida. Kupika trei nzima alfajiri na kuzunguka nayo mpaka jioni si vizuri. Ni bora kupika kidogo kidogo, asubuhi na tena mchana. Hapa tunakubaliana na wenye mashine, kwa sababu mashine inapika mayai sita muda wowote bila kuwasha moto upya. Muuzaji akiwa na umeme sokoni, awe na eya fraya au birika, atauza yai la moto na salama. Bila umeme, kupika mara mbili ni kununua makaa mara mbili. Mnaona tatizo lilipo? Usalama wa chakula unamtaka mtu awe na moto, na moto ni pesa.

Ndiyo maana tunawageukia nyinyi wafanyakazi wa mashirika, kwa heshima. Ndani ya kuta zenu jenereta inanguruma usiku na mchana, asubuhi mayai yako mezani, na hakuna anayehesabu makaa. Hatuwaonei wivu. Lakini tumeshakaa kwenye mafunzo mengi ya majiko bora. Kuna shirika lilileta majiko, picha zikapigwa, na baada ya miezi michache majiko yakapasuka na hakuna aliyekuwa na kipuri. Kwa hiyo kabla hamjatuletea kifaa kingine, kiwe cha umeme au cha udongo, tuulizane maswali matatu. Kinakula nini, na hicho kinachokula kinauzwa bei gani hapa? Kikiharibika, ni kijana gani wa hapa anajua kukitengeneza? Na je, mama anayepika aliulizwa?

Pia msianze na nyumba moja moja. Wekeni umeme mahali pamoja, sokoni au karibu na kituo cha vijana, mtu alipie kidogo apike, achaji simu, aende. Hili si ndoto. Kakuma, ambako wengi wetu tulisoma, mkimbizi kutoka Kongo alianzisha kampuni ya Okapi Green inayouzia majirani umeme wa sola. Kama Kakuma imewezekana, kwa nini Gorom isiwezekane?

Tunajua kuna kijana atakasirika na kusema: mnawafundisha maskini kuridhika na mfuniko wakati wengine wana mashine. Ndugu yetu, umesema jambo la kweli, na hatutaki mtu yeyote atumie maneno yetu kutuambia kwamba blanketi linatutosha. Blanketi ni la leo kwa sababu leo tunakula. Soketi tunaidai kesho na keshokutwa. Lakini anayedai akiwa na hesabu mkononi anasikilizwa kuliko anayedai kwa kelele.

Kwa hiyo tuna pendekezo, na tunaomba lifanyike wiki hii. Siku tatu pika mayai kama ulivyozoea, hesabu makopo ya makaa. Siku tatu zinazofuata pika kwa mfuniko na blanketi, hesabu tena. Andika idadi ya mayai, makopo na bei ya kopo mtaani kwako, iwe Gorom, Gudele au Jebel, ututumie. Tutakusanya hesabu zote na kuzipeleka kwenye mkutano ujao na mashirika. Wakituuliza tunahitaji umeme kiasi gani na wa nini, tutawajibu kwa namba zetu wenyewe.