Nusu ya Mfereji

Wanaokuuzia safari wanasema Otaru ni mji wa nusu siku: panda treni Sapporo, hata saa moja haiishi umefika, piga picha mferejini, kula sushi, rudi. Upuuzi! Mfereji huo ulikamilika mwaka 1923 ukiwa na upana wa mita 40. Wakubwa walitaka kuufukia wote, barabara ipite. Tangu 1973 wakazi walipinga, miaka nenda miaka rudi, wakaambulia nusu. Wewe unayejipiga selfi kwenye taa za gesi, hebu geuka: magari yale yanapita juu ya nusu iliyozikwa. Kisha tembea kaskazini, ambako zile mita 40 bado zipo na boti zimefungwa. Treni zipo mpaka usiku.