Bibie wa jioni, kwao ni mchangani tu

Wiki hii nawaletea habari za mtoto mmoja wa Kimarekani, acha kabisa! Mchana kajikunyata kimya. Jua likianza kuzama ndiyo anafunguka, mweupe pee, ananukia. Kesho yake kashanyauka, kageuka pinki. Washikaji msianze kuuliza anapokaa, nazungumzia ua.

Wataalamu wanaliita Oenothera deltoides, aina ya howellii. Ndugu zake wamejazana majangwani, kuanzia California hadi Arizona. Lenyewe asili yake ni sehemu moja tu dunia nzima: vilima vya mchanga vya Antioch, kando ya mto San Joaquin, mashariki ya San Francisco.

Kisa? Bibie anachagua. Anataka mchanga mtupu, unaohamahama na upepo, usio na majani ya kumbana. Wageni wake wa usiku ni nondo wakubwa, wanaokuja kunywa utamu na kuondoka na chavua.

Kasheshe ikaletwa na matofali. Mchanga ule ulichimbwa kwa ajili ya kufyatulia, na tetemeko la mwaka 1906 lilipoibomoa San Francisco, mji mzima ulitaka kujengwa upya. Vilima vilivyopita futi 100 kwenda juu vikaliwa, vikabaki vipande. Nyumba zikapanda, bibie akakosa pa kulala.

Mwaka 1978 serikali yao ikaliweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Mwaka 1980 mabaki ya vilima yakafanywa hifadhi, ya kwanza nchini humo kuanzishwa kwa ajili ya mimea na wadudu. Hakuna simba wala tembo pale, analindwa ua na kipepeo!

Lakini uzio haurudishi mchanga. Upepo ukikosa cha kuhamisha, magugu ya kuja yanajitanda na mbegu inakosa nafasi. Ndiyo maana ilipofika 2013 wakaanza kumwaga pale mchanga unaozolewa mtoni kwenye njia ya meli. Yaani kilichobebwa kwa faida, sasa kinarudishwa kwa gharama.

Mimi sisemi watu wasijenge, hata mimi nalala ndani ya tofali. Ila ukiona lori la mchanga linapita, jua limetoka nyumbani kwa mtu. Huyu wa Antioch hana kwa shangazi pa kukimbilia.

Haya, tukutane wiki ijayo!