Makalio kwa siku 30? Uongo mtupu (na programu moja niliiandika mimi)

Samahani wasomaji kwa kimya kirefu. Leo hakuna habari za hifadhidata. Leo naungama.

Mwaka jana mteja mmoja alinipa kazi ya kuandika programu ya simu ya kukaza makalio kwa siku 30. Siku ya kwanza unachuchumaa na kuinuka mara 50, kisha kila siku unaongeza 5 hadi ufike 195. Basi. Nilikaa hapa Nyamasaria jioni moja nikaimaliza, nikalipwa, nikanyamaza.

Halafu dadangu akaipakua! Akamaliza siku zote 30. Alichopata ni magoti kuuma. Akaniuliza, "Sasa nilikosea wapi?"

Hakukosea. Hitilafu iko kwenye programu: inaongeza hesabu, haiongezi uzito, na haina hata siku moja ya kupumzika. Gluteus maximus ndio msuli mkubwa kuliko yote mwilini. Kazi yake ni kunyoosha nyonga unapopanda ngazi, unapokimbia au unapoinuka kutoka chini. Ukishaweza kuchuchumaa mara 100 huku unapiga gumzo, msuli huo hauna sababu ya kukua. Na hakuna "kukaza" bila kujenga msuli, wala zoezi la kuyeyusha mafuta ya sehemu moja tu. Hizo krimu zinazobandikiwa matangazo kwenye nguzo za stima ndizo sitaki hata kuzisikia. Krimu haijengi msuli, jamani!

Kuna wanaodai eti mwanamke akibeba uzito atakuwa na mwili wa kiume. Upuuzi. Kwani mtaani kwetu maji hubebwa na nani? Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, na uzito unaupanga mwenyewe kwa kupunguza maji.

Lala chali, kunja magoti, nyayo chini, mtungi uliofungwa vizuri juu ya nyonga (weka leso, usijiumize). Inua nyonga, kaza makalio, hesabu mbili, shuka polepole. Fanya mara 10 au 12, upumzike, urudie mara tatu. Zile mbili za mwisho zikiwa rahisi, ongeza maji. Ukimaliza, panda kiti kifupi imara, mguu mmoja mmoja. Kisha tembea na mtungi mkono mmoja: hapo unafanya kazi gluteus medius, msuli wa pembeni unaozuia nyonga kuanguka upande unaponyanyua mguu. Mara mbili au tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Sisi tunaokalia viti kutwa nzima tukiandika programu tunauhitaji kuliko mtu yeyote.

Nilimwandikia mteja turekebishe. Akajibu kwamba watu wanapenda nambari kubwa. Nimemwambia aondoe jina langu.

Dada ameanza na lita 8. Magoti yakituma malalamiko, nitawaambia.