Jino la utotoni lina kazi, usiharakishe kuling'oa

Wiki iliyopita jirani yangu alinijia na binti yake wa miaka 12. Binti ni mcheshi, lakini akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Jino lake la chonge la juu limeota nje ya mstari, limepanda juu ya wenzake kwa kukosa pa kukaa.

"Dada, alipokuwa darasa la kwanza tulimng'olesha magego mawili upande huo," mama akaniambia. "Yalikuwa yametoboka, usiku halali. Tukasema ni ya utotoni tu, yataota mengine."

Wazazi wengi tunasema hivyo. Mtoto ana meno 20 ya utotoni, na ni kweli yote yatang'oka. Lakini kila moja lina wakati wake. Ya mbele huanza kulegea kwenye miaka sita au saba, ila magego hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Muda wote huo yanatafuna chakula, na pia yanashikilia nafasi ya meno ya ukubwani yanayojiandaa chini ya ufizi.

Gego likiondoka mapema, la nyuma yake husogea mbele taratibu na kulibana pengo. Jino lenye mahali pale likifika, linakuta pamejaa. Huota pembeni, au hunasa ndani ya ufizi.

Jambo jingine: kwenye miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka. Wengi hudhani ni la utotoni, na likitoboka wanalipuuza. Hilo likitoka, halioti jingine.

Je, mtoto akiumwa? Kabla ya kukubali ling'olewe, muulize daktari wa meno kama linazibika. Tundu dogo huzibwa likaisha. Lililofika kwenye mshipa wa fahamu mara nyingi hutibiwa kwa ndani, kisha likazibwa. Wakati mwingine kung'oa hakuepukiki, hasa jino likishatunga usaha. Hapo uliza kama mtoto anahitaji kifaa cha kushika nafasi, kipete chenye waya kinachozuia meno ya jirani yasisogee.

Meno yaliyokwisha kupandana hunyooshwa kwa nyaya. Kazi hiyo huchukua kama miaka miwili, pengine zaidi, na kurudi kliniki kila baada ya wiki kadhaa. Wengine hulazimika kung'olewa meno mazima ili nafasi ipatikane. Nyaya zikitolewa, huvaliwa kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Gharama ya yote hayo si ya kulinganisha na kuziba tundu moja.

Nyumbani, mpigishe mtoto mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Aliyevuka miaka mitatu anatosha kiasi cha punje ya njegere. Pipi na soda zisiwe za kila siku. Anayenyonya kidole, msaidie aache kabla meno ya ukubwani hayajaanza kuota, maana kidole huyasukuma ya juu yakachomoza.

Jirani yangu sasa anaulizia bei ya nyaya. Nyumbani ana mwingine wa miaka mitano, naye gego limeanza kuwa jeusi. Safari hii hakungoja kilio cha usiku. Jumatatu wanakwenda kuliziba.