Miji Mikubwa ya Ulimwengu: Detroit, Mji Ulioahidi Kuliko Uwezo Wake

Mwezi huu twavuka bahari kwenda Marekani, tuutazame mji wa Detroit katika jimbo la Michigan. Mji huu u kando ya mto, na ng'ambo ya mto ni nchi ya Kanada. Waanishinaabe na Wawyandot walikaa pande zile tangu zamani, hata mwaka 1701 Mfaransa mmoja, Antoine de la Mothe Cadillac, akajenga boma pale. Jina la mji ni la Kifaransa, maana yake ni mahali pembamba pa maji. Mwaka 1805 moto uliteketeza karibu mji wote. Maneno ya Padre Gabriel Richard ya wakati ule yangali katika bendera ya mji: Twatumaini mambo yaliyo mema zaidi, utainuka tena katika majivu.

Mali ya mji huu ilitoka katika motokaa. Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza motokaa yake ya Model T, na mwaka 1913 akaanzisha njia mpya ya kazi: motokaa ilisogezwa mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja akawa na kazi yake moja tu. Mwaka 1914 alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku. Lakini mshahara huo haukuwa wa kila mtu, maana kampuni ilituma wakaguzi majumbani kuangalia kama mfanyakazi aishi kwa utaratibu.

Watu wakamiminika huko: Wapolandi, Waitalia, Waarabu, Wameksiko, na watu weusi wengi sana waliotoka majimbo ya kusini, wakiukimbia ubaguzi na umaskini. Mwaka 1950 wakaaji walikuwa 1,849,568. Hesabu ya mwaka 2020 ilionyesha watu 639,111 tu, na zaidi ya robo tatu yao ni watu weusi.

Msomaji atauliza, Wengine walikwenda wapi? Viwanda vilihamia vitongoji vya nje na majimbo mengine, na mashine zikashika kazi ya mikono. Watu weupe wengi wakahamia vitongoji hivyo, ambako mtu mweusi alizuiwa kununua nyumba. Mwaka 1967 palitokea ghasia kubwa, watu 43 wakafa, na waliohama wakazidi. Mwaka 1973 wakaaji walimchagua Coleman Young, mtu mweusi wa kwanza kuwa meya wao. Lakini alipokea mji ambao mapato yake yalikuwa yakipungua.

Mji huu hutawaliwa na meya pamoja na baraza la watu 9, wote wakichaguliwa kwa kura. Baraza hukubali matumizi ya fedha, na fedha hizo hutoka katika kodi za nyumba, za mishahara na za nyumba za kamari, na katika msaada wa jimbo. Basi, watu walipopungua, kodi ilipungua. Lakini barabara, mabomba na taa hazikupungua. Tena palikuwa na wazee waliofagia barabara, waliozima moto, waliotumika maofisini, nao wote waliahidiwa pensheni. Hata ikawa wazee hao ni wengi kuliko watumishi waliokuwa kazini. Mji ukakopa ili kulipa, kisha ukakopa tena. Wahenga walisema, Kukopa arusi, kulipa matanga.

Mwezi wa Machi 2013 Gavana wa Michigan alimweka msimamizi, Kevyn Orr, akapewa madaraka ya meya na baraza. Wengi walinung'unika, kwa kuwa yeye hakuchaguliwa na wakaaji. Tarehe 18 Julai 2013 mji ulitangaza mbele ya mahakama kwamba umefilisika, ukiwa na deni la dola bilioni 18 hivi. Katiba ya Michigan yakataza kupunguza pensheni, lakini hakimu aliamua kwamba katika kufilisika hata pensheni yaweza kupunguzwa.

Wadai wengine walitaka picha za thamani za nyumba ya sanaa ya mji ziuzwe. Ndipo wafadhili na serikali ya jimbo walipotoa ahadi ya dola zaidi ya milioni 800, ili picha zisiuzwe na wazee wasiumie mno. Wazee walipiga kura, wakakubali. Watumishi wengi wa zamani walipunguziwa pensheni kwa asilimia 4.5, nyongeza ya kila mwaka ikakatwa, na fedha za matibabu zikapunguzwa sana. Mwezi wa Desemba 2014 mji ukatoka katika kufilisika.

Tangu hapo Detroit umepata nafuu. Stesheni kubwa ya reli, iliyokaa ukiwa tangu mwaka 1988, ilinunuliwa na kampuni ya Ford na kufunguliwa tena mwaka 2024. Novemba 2025 wakaaji walimchagua Mary Sheffield, mwanamke wa kwanza kuwa meya wao. Lakini mzee aliyepunguziwa haki yake hakurudishiwa ujana wake aweze kufanya kazi tena.

Twasema kila siku kwamba ahadi ni deni. Wakuu wa Detroit waliahidi siku za neema, wala hawakuweka akiba ya kutosha; waliolipa ni wale walioamini. Walimu mtakaosoma habari hii darasani, waulizeni wanafunzi: Aliyeahidi bila kuweka akiba, je, alitoa kitu? Na kila baba na mama na ajiulize nyumbani ni nani anayeitegemea ahadi yake, na ameweka nini hata sasa.